Joy Adamson: Maisha na Mafunzo ya Mchoraji wa Naivasha

Utangulizi

Msafiri atokaye Nakuru kuelekea Nairobi hupita Lanet, akaliacha Ziwa Elementaita upande wake wa kulia, akapita Gilgil na hatimaye akawasili Naivasha. Akiiacha barabara kuu na kuifuata ile ya Moi South Lake, hupita mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa karatasi za nailoni, moja baada ya jingine, hadi afike kwenye nyumba iliyojificha chini ya migunga kando ya ziwa. Nyumba hiyo huitwa Elsamere. Leo ni kituo cha elimu ya mazingira na makumbusho madogo, na wengi wanaoizuru huletwa na jina moja tu: Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu kisha akarudishwa porini.

Umaarufu wa Elsa umemfunika mwenye nyumba. Joy Adamson anajulikana ulimwenguni kama mama wa simba, na kwa Wakenya wengi habari zake huanza mwaka 1956, simba huyo alipozaliwa, na kukoma mwaka 1980, yeye mwenyewe alipouawa. Hata hivyo, kabla ya kuandika neno lolote kuhusu Elsa, Joy alikuwa ameishi Kenya kwa takriban miaka ishirini akiwa mchoraji. Alichora maua ya nchi hii, kisha akawachora watu wake. Picha hizo za watu, ambazo idadi yake inapita 500, ni miongoni mwa hazina kubwa za sanaa ya uchoraji zilizoachwa na kipindi cha ukoloni nchini Kenya.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia mafunzo yake. Yanadai kuwa namna alivyofunzwa ndiyo inayoeleza namna alivyochora, na kwamba namna alivyochora ndiyo inayotuonyesha faida na upungufu wa urithi aliotuachia. Ni suala linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya fasihi yetu ya kale nayo ilihifadhiwa kwa mikono ya wageni.

Makuzi na Elimu: Troppau na Vienna

Joy alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, jimbo la Silesia, wakati huo likiwa sehemu ya himaya ya Austria na Hungary. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alikuwa mtoto wa pili kati ya mabinti watatu. Jamaa za mama yake walimiliki kiwanda cha karatasi, na utoto wake ulipita katika mazingira ya ukwasi, mashamba na misitu. Alipokuwa na umri wa miaka minane himaya hiyo iliporomoka, mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Troppau ikajikuta ndani ya nchi mpya ya Chekoslovakia. Leo mji huo huitwa Opava, nao umo katika Jamhuri ya Cheki. Hivyo, mtoto huyu alijua mapema kwamba nchi inaweza kubadilika jina na mipaka ilhali wenyeji wake hawajaondoka walipo.

Pigo la pili lilikuwa la nyumbani. Wazazi wake walitengana, na malezi yake yakaangukia kwa bibi yake mjini Vienna. Vienna ya miaka ya 1920 ilikuwa imefilisika kifedha lakini bado ilikuwa tajiri wa sanaa na taaluma. Humo ndimo alimoanza msururu mrefu wa mafunzo. Alisomea piano kwa miaka mingi, akakusudia kuwa mpigaji wa majukwaani. Kilichomzuia si uvivu wala ukosefu wa kipaji, bali ni kiganja chake. Mikono yake ilikuwa midogo mno kwa piano ya kiwango hicho, nayo ni kasoro ambayo mazoezi hayawezi kuiondoa.

Baada ya muziki alijaribu mengi. Alijifunza uchongaji wa sanamu, ufuaji wa madini, ushonaji na upigaji picha. Kisha akaanza kujiandaa kwa masomo ya udaktari ambayo hakuyakamilisha. Anayeitazama orodha hii juujuu anaweza kuhitimisha kwamba alikuwa mtu asiyetulia, aliyeshika hili na kuliacha lile. Hukumu hiyo ina ukweli wake. Lakini kila alilolishika liliacha kitu mkononi. Uchongaji ulimfunza umbo la mwili na uso. Ufuaji wa madini ulimfunza jinsi pambo linavyoundwa na linavyokaa mwilini. Ushonaji ulimfunza vazi na mikunjo yake. Miaka ishirini baadaye, alipokaa mbele ya mzee aliyevaa mapambo ya rika lake, mafunzo haya yote yaliyoonekana kama vipande visivyoungana yalikutana katika karatasi moja.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara wa Kiyahudi wa Vienna. Hali ya kisiasa barani Ulaya ilikuwa ikizidi kuwa mbaya, na chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa imeshamiri katika nchi jirani ya Ujerumani. Wawili hao walianza kutafuta mahali pa kuhamia. Mwaka 1937 Joy alitangulia kwenda Kenya ili aone kama nchi hiyo ingewafaa.

Kuwasili Kenya na Shule ya Maua

Safari hiyo ilibadilisha mambo kwa namna ambayo mumewe hakuitazamia. Melini Joy alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Ni Bally aliyempa jina la Joy, lenye maana ya furaha, nalo likamganda hadi kufa. Mwezi Machi wa mwaka huo huo majeshi ya Ujerumani yaliingia Austria na kuitwaa. Nchi aliyoiacha haikuwapo tena, na njia ya kurudi ikawa imefungwa.

Bally alifanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Coryndon jijini Nairobi, ambalo leo ni makao makuu ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1938 Joy alishiriki katika msafara wa wataalamu wa jumba hilo uliokwenda kuchunguza milima ya Chyulu, kati ya Nairobi na pwani. Kazi ya Bally ilikuwa kukusanya mimea. Mmea ukikaushwa na kubanwa katika karatasi hubaki na umbo, lakini rangi yake hufifia. Mtaalamu huhitaji basi mtu wa kuichora mimea ikiwa bado mibichi, kabla jua na saa hazijaiharibu. Bally alimtia moyo mkewe ajaribu kuichora kwa rangi za maji, naye akaona kwamba hapa amepata kazi inayolingana na mikono yake.

Ni muhimu kufahamu kazi hiyo inadai nini. Mchoraji wa mimea hachori anavyojisikia. Idadi ya petali lazima iwe ileile. Namna jani linavyoshikana na shina lazima ionekane. Ua, tunda na mbegu huchorwa ili mtaalamu aliye mbali aweze kuutambua mmea bila kuuona. Aghalabu mmea huwekwa peke yake katikati ya karatasi nyeupe: hakuna mlima nyuma yake, hakuna udongo chini yake, hakuna mvua wala mchungaji anayepita. Mazingira huondolewa ili kiumbe chenyewe kisomeke. Nidhamu hii ndiyo iliyokuwa shule ya kweli ya Joy, na aliisoma nyikani akiwa juu ya kiti cha kukunja, mwalimu wake akiwa ni ua litakalonyauka jioni.

Haikuchukua muda kabla ya kazi hiyo kujulikana. Michoro yake ilitumiwa katika kitabu cha kilimo cha bustani katika Afrika Mashariki kilichohaririwa na Jex-Blake, na pia katika vitabu vingine vya mimea. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo ya maua. Mtu aliyeshindwa kuwa mpigaji piano, na ambaye hakumaliza udaktari, alikuwa ametambuliwa na mojawapo ya vyama vyenye heshima kubwa katika fani yake.

Inafaa hapa kukumbuka kwamba hakuwa mwanamke pekee aliyepitia mlango huo. Mwaka uleule wa 1937 Joy alipowasili Kenya, Mary Leakey alianza kuchimba mabaki ya kale katika kilima cha Hyrax Hill, pembeni mwa mji wa Nakuru. Mary naye hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Aliingia katika taaluma ya akiolojia kwa kuchora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wengine. Katika zama ambapo milango ya taaluma za sayansi haikufunguliwa kwa urahisi kwa wanawake, penseli ilikuwa ufunguo. Aliyejua kuchora kwa usahihi alihitajika, na akishahitajika aliweza kuingia.

Kutoka Maua hadi Nyuso

Ndoa ya pili nayo haikudumu. Mwaka 1942 Joy alikutana na George Adamson, ofisa wa wanyamapori katika eneo kame la kaskazini mwa Kenya, na wakaoana mwaka 1944. Makao yao yakawa Isiolo. Kazi ya George ilimlazimu kusafiri kwa miguu, kwa ngamia na kwa gari katika nchi za Wasamburu, Waturkana, Warendile na Waborana. Joy aliambatana naye, akiwa na sanduku lake la rangi. Mwanzoni aliendelea na mimea. Taratibu akaanza kuwatazama watu waliompita njiani kwa macho yaleyale aliyoyatazamia maua.

Kumchora mtu, hata hivyo, ni jambo jingine. Ua halipumui kwa nguvu, halichoki, halibadilishi mawazo. Joy alitambua upungufu wake, na katika miaka ya 1940, baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika, alikwenda London na kupata mafunzo katika shule ya sanaa ya Slade, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha London. Slade ilisifika tangu karne ya kumi na tisa kwa msisitizo wake juu ya kuuchora mwili wa binadamu kutoka kwa mtu aliye hai. Kwa mara ya kwanza baada ya Vienna, Joy aliketi tena katika darasa rasmi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kadhaa, tayari mchoraji mwenye jina katika fani nyingine, naye akakubali kuwa mwanafunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Aliporejea Kenya alikuwa na shule mbili ndani yake. Slade ilimpa uso, shingo, bega na uzito wa mwili. Maua yalimpa shanga, ngozi, hereni, ngeu na unyoya wa mbuni, kila kimoja mahali pake. Wenye kuzitazama picha zake watagundua kwamba shule ya pili haikuwahi kuiachia nafasi ya kwanza. Aghalabu mtu husimama au kuketi peke yake. Nyuma yake hakuna boma, hakuna ng'ombe, hakuna jirani. Amechorwa kama ua: ametolewa katika udongo wake ili asomeke vizuri.

Kazi ya Serikali ya Kikoloni

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi ya kuzichora jamii za Kenya katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba desturi hizo zilikuwa zikitoweka kwa kasi, na kwamba kizazi kimoja baadaye hapangekuwa na mtu wa kuzishuhudia. Mpango wa awali ulihusu jamii ishirini hivi. Kazi ilipanuka ikachukua takriban miaka sita, na ikamfikisha kila pembe ya nchi: kwa Wagiriama wa pwani, kwa Wameru na baraza lao la Njuri Ncheke, kwa Wakikuyu, Wakamba, Waluo, na katika Bonde la Ufa kwa Wamaasai, Wanandi na Wapokoti.

Hakuna anayeweza kukana ukubwa wa juhudi hiyo. Alisafiri katika barabara mbovu, akalala hemani, akategemea wakuu wa wilaya na machifu kumtafutia watu wa kuchorwa. Alitaka vazi liwe kamili: la tohara kwa aliyetahiriwa, la bibi harusi kwa bibi harusi, la mganga kwa mganga. Picha zake zinaonyesha tofauti za rika, cheo na hali ya ndoa kwa undani ambao kamera za wakati huo, nyingi zikitoa picha zisizo na rangi, hazikuweza kuufikia. Mtafiti wa leo anayetaka kujua rangi za shanga za jamii fulani mwaka 1950 ana sababu ya kumshukuru.

Lakini miaka hiyo ina upande wa pili, na mwanafunzi wa historia ya Bonde la Ufa anaujua. Mwishoni mwa miaka ya 1940, hadi mwaka 1950, serikali hiyohiyo ilikuwa ikiwafukuza walowezi wa Kikuyu kutoka Olenguruone, katika wilaya ya Nakuru, na kuwapeleka Yatta. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Maelfu ya vibarua wa Kikuyu waliokuwa wakiishi katika mashamba ya wazungu huko Naivasha, Nakuru na Njoro waliondolewa kwa nguvu. Tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Maumau walikishambulia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawafungua wafungwa na kutwaa silaha. Mwaka 1954 wanavijiji wa Mkoa wa Kati walianza kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi.

Hapa ndipo pana mgongano mkubwa wa maisha ya mchoraji huyu. Serikali iliyolipia kuchorwa kwa vazi la mzee wa Kikuyu ndiyo iliyokuwa ikilibomoa boma lake. Ilisikitikia desturi zinazotoweka huku sheria zake za ardhi, kipande na kodi zikiwa miongoni mwa mambo yaliyozitowesha. Katika picha zenyewe haya hayaonekani. Karatasi nyeupe iliyo nyuma ya mtu imeyafuta. Nidhamu ileile iliyokuwa nguvu ya mchoraji wa maua ikawa udhaifu wa mchoraji wa watu, kwa maana ua lililoondolewa katika udongo wake bado ni ua, ilhali mtu aliyeondolewa katika udongo wake amepoteza sehemu kubwa ya habari yake.

Kuna suala la majina pia. Aghalabu maelezo ya picha hizi hutaja kabila, rika au cheo: mzee wa jamii fulani, msichana wa jamii fulani, shujaa wa jamii fulani. Mara nyingi jina la mtu mwenyewe halimo. Mchoraji wa mimea huandika jina la jamii ya mmea, wala hatarajiwi kuliuliza ua moja jina lake. Utaratibu huo ulihamishwa kwa binadamu. Matokeo yake ni kwamba Mkenya anaweza leo kusimama mbele ya picha ya babu yake bila kujua kwamba ni babu yake.

Sehemu kubwa ya picha hizo imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na nyingine zilipelekwa Ikulu ya Nairobi. Mwaka 1967, miaka minne baada ya uhuru, Joy alichapisha kitabu kuhusu watu wa Kenya kilichozikusanya baadhi ya picha hizo pamoja na maelezo ya safari zake.

Elsa, Elsamere na Mkono Uliojeruhiwa

Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, na baadaye akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alibaki Isiolo na kuitwa Elsa. Habari za jinsi Elsa alivyofundishwa kuwinda na kuachiliwa huru katika nchi ya Meru zilichapishwa mwaka 1960, na kitabu hicho kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Elsa alikufa Januari 1961. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilitolewa mwaka 1966. Mapato yake Joy aliyaelekeza kwa sehemu kubwa katika uhifadhi wa wanyamapori.

Tangu hapo kalamu iliipiku brashi. Joy alimlea duma aliyeitwa Pippa, akaandika juu yake. Baadaye akamlea chui aliyeitwa Penny. Katika miaka ya 1960 yeye na George walikuwa wamenunua nyumba kando ya Ziwa Naivasha, wakaiita Elsamere. Ikawa makao ya Joy, ilhali George, ambaye alipendelea kuishi na simba wake, aliweka kambi Kora. Hapo Elsamere Joy aliwachunguza mbega weupe kwa weusi walioishi katika miti ya uani, na wao pia wakawa kitabu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipata ajali ya gari iliyouumiza vibaya mkono wake wa kulia. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, lakini mkono haukurejea ulivyokuwa. Brashi na piano vyote vikawa vigumu kwake. Mwanamke ambaye maisha yake yote yalikuwa yameelekezwa na mikono, ambaye mikono midogo ilimnyima muziki na kumpa uchoraji, alinyang'anywa chombo chake akiwa na miaka mingi ya kazi mbele yake. Aliendelea kuandika. Mwaka 1978 alichapisha tawasifu yake.

Tabia yake haikuwa rahisi. Waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mkali, mwepesi wa kukasirika, aliyewapenda wanyama kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa watu. Ndoa zake tatu na ugomvi na wafanyakazi wake vimeandikwa na waandishi kadhaa wa wasifu wake. Mwenye kusimulia maisha ya mtu hana budi kulitaja hili, kwa kuwa linahusiana na mauti yake. Tarehe 3 Januari 1980, siku chache kabla ya kutimiza miaka sabini, aliuawa karibu na kambi yake katika hifadhi ya Shaba, jirani na Isiolo. Hapo kwanza ilidhaniwa kwamba ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha majeraha ya silaha, na mwaka 1981 mahakama ilimtia hatiani kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake. Majivu ya Joy yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Pippa na Elsa. George naye aliuawa na majangili huko Kora, Agosti 1989.

Hitimisho

Maisha haya yanafundisha nini? Kwanza, mafunzo hayapotei. Piano, udongo, madini, uzi, maua na darasa la Slade vilikuwa mabaraza tofauti, lakini vyote vilichangia jicho lililoweza kuhesabu shanga za shingo moja bila kukosea. Pili, mafunzo hayana upande mmoja. Yanayomwezesha msanii kuona jambo ndiyo yanayomzuia kuona jambo jingine. Joy Adamson aliona mapambo kuliko mtu yeyote wa wakati wake nchini Kenya, na hakuiona, au hakuionyesha, dhoruba iliyokuwa ikiwapiga waliovaa mapambo hayo.

Wanafunzi wa Kiswahili hawapaswi kulishangaa hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sehemu kubwa kupitia kwa mmisionari W. E. Taylor, aliyeyakusanya katika karne ya kumi na tisa, na yalichapishwa na William Hichens mwaka 1940. Taylor naye asingeweza lolote bila Mwalimu Sikujua bin Abdallah, Mwamombasa aliyeyajua mashairi hayo na kuyaeleza. Wageni hao walihifadhi, na wanastahili shukrani. Lakini kazi ya kuyafasiri mashairi, kuyahariri na kuyarudisha kwa wenyewe ilibidi ifanywe na wataalamu wa Kiswahili wenyewe, na bado haijakwisha. Tofauti ni kwamba jina la Muyaka lilisalia, na la Mwalimu Sikujua likasalia. Majina ya wengi waliokaa kimya kwa saa nyingi mbele ya Joy Adamson hayakuandikwa.

Kazi hiyo inaweza kufanywa, lakini si kwa muda usio na mwisho. Msichana aliyechorwa mwaka 1950 akiwa na miaka kumi na mitano, ikiwa yu hai, amevuka umri wa miaka tisini. Watoto wake na jirani zake bado wanaweza kuutambua uso wake. Wazee wa Baringo, Narok, Meru na Kilifi bado wanayajua majina ya mapambo hayo katika lugha zao, pamoja na sababu ya kuvaliwa kwake. Idara za lugha na fasihi zina watu waliofunzwa kukusanya simulizi, kuzinakili na kuzitafsiri. Picha zipo Nairobi, nyumba ya mchoraji ipo Naivasha, na wenye habari wapo vijijini. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kuwauliza kabla hawajaondoka, na kuliandika chini ya kila picha jina ambalo mchoraji hakuliandika.